Homa Yangu ya Kisiwani

Jumapili, 10 Machi 2024

Nimeshindwa na karatasi yangu mwenyewe. Matangazo ya misa nayachapa mimi, karani wa parokia. Majina ya watakaokwenda juma la utume Kisiwani niliyachapa kwa uangalifu mkubwa: Padre Gervasi, Frateri Anton. Basi. Padre akasoma, akavua miwani, akaongeza kwa mdomo kwamba karani wetu Justus atakwenda pia. Waamini wakapiga makofi. Yangu nilipiga nimechelewa.

Kisiwani si baharini wala ziwani. Ni kigango chetu upande wa Ulyankulu. Masika mbuga inajaa, na watu wanabaki juu ya mwinuko wao, maji pande zote, na mtumbwi mmoja. Mimi sijui kuogelea. Nina diploma ya utunzaji wa kumbukumbu. Haielei.

Kukataa siwezi. Muda wangu wa majaribio kazini unaisha Pasaka, na atakayeandika neno zuri au baya ni Padre.

Jumatatu, 11 Machi

Pikipiki mpaka maji yalipoanza. Hapo alitungoja Limbu, mrina asali, mwenye mtumbwi. Nilikaa chini kabisa, nimeshika kingo zote mbili. Frateri Anton alisimama akaimba. Ana mabega ya mchukuzi na haogopi kitu. Simpendi, Mungu anisamehe.

Nilikuwa nasali kwa kunong'ona. Limbu akadhani nausihi mtumbwi. "Karani," akasema, "huo hauna masikio. Kaa tu."

Tumefikia kwa Mama Spesioza, mjane. Wazee wa hapa walitoka Burundi, na kwao mgeni halali chini. Nikapewa kitanda cha binti yake, Jeska. Jeska ana mimba ya mwezi wa mwisho. Mumewe yuko kwenye tumbaku huko Ipole. Nilikataa kitanda. Nilikataa kwa sauti. Kisha nikalala. Jeska yuko kwenye mkeka, upande wa pili wa ukuta. Namsikia akijigeuza.

Jumanne, 12 Machi

Nyumba kwa nyumba. Anton kashakaa na wazee kwenye mtungi wa pombe, mrija mkononi, anaonja kwa adabu na kucheka nao Kirundi asichokijua. Mimi nilisoma mada yangu juu ya toba. Nilikuwa nimeiandaa vizuri, ina vichwa vya habari. Mzee mmoja alilala. Mwingine akaniuliza kama nimemaliza au napumzika.

Jioni Limbu kasema maji yanapanda. Jumamosi, siku ya kurudi, hata yeye atavuka akiomba.

Kwa hiyo lazima nivuke kabla. Ng'ambo kuna zahanati, na baada ya zahanati kuna barabara. Mgonjwa haulizwi kwa nini anaondoka.

Kesho naumwa.

Jumatano, 13 Machi

Nilianza kutetemeka baada ya uji. Nilitetemeka vizuri kuliko nilivyotazamia. Mama Spesioza hakushuku hata kidogo. Mumewe alikufa kwa homa hapahapa, akisema itapita. Akina mama wakaja na rozari. Jeska akaniletea maji ya limau, mkono kiunoni, akanipa pole mimi.

Alasiri wanaume wakaegemeza ngobyi mlangoni. Ni machela ya fito, hubebwa mabegani na watu wanne. Nikafurahi chini ya blanketi.

Ndipo akaingia Padre na mafuta matakatifu.

Hili sikuwa nimelipanga. Mpako wa Wagonjwa! Na kabla ya mpako, maungamo. Akawatoa watu wote. Nilifikiri haraka. Nikipokea mafuta kwa uongo, ni kufuru. Nikiungama, bosi wangu anajua. Lakini siri ya kitubio ni siri: atajua kama padre, hataweza kujua kama bosi. Nikaungama yote. Hata la karatasi ya matangazo.

Akafunga kichupa chake. "Mafuta haya si ya kuogopa maji, Justus." Malipizi: niamke kabla ya jua, nimchotee maji Mama Spesioza. Watu wote wangeniona mzima, na mambo yangeisha bila mtu kuaibika. Ni mtu mwenye akili.

Nje alisema tu kwamba mpako hauhitajiki kwa sasa. Wakaona nafuu kidogo. Ngobyi hawakuiondoa.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika nimeketi nje ya zahanati. Nitaandika kwa mpangilio.

Wabebaji waliwahi kuliko mimi. Kabla ya jua nilikuwa tayari mabegani, Anton mbele. Mtu hawezi kuchota maji akiwa amebebwa. Ufukweni Padre alisimama, mikono nyuma. Kuwazuia hakuweza, kwa ajili ya siri yangu. Akauliza, kama ambavyo yeyote angeuliza:

"Justus, leo unajisikiaje?"

Watu wote wakanitazama. Nyuma yao niliona maji, na nyuma ya maji niliona barabara.

"Bado, Padre."

Akainamisha kichwa. Akabariki mtumbwi.

Muuguzi Shamila alinipima. Hakuna malaria. Akataka nirudi. Nikasema kizunguzungu. Akapima tena. Nikasema mgongo. Limbu na wabebaji wakakaa chini ya ukingo wa paa, wakangoja. Kwa watu hawa wabebaji hawarudi bila neno la muuguzi. Kurudi kimya ni kupeleka msiba. Hilo sikulijua. Mimi nilikuwa nangoja waondoke ili nitafute pikipiki. Wao walikuwa wanangoja nipone.

Mchana ngoma ikalia kutoka Kisiwani. Limbu akasimama. Alisema inaita mtumbwi. Akakimbia, na Anton nyuma yake.

Jeska. Uchungu ulimshika asubuhi, tulipoondoka tu. Walimsubirisha kwenye ukingo wa maji, na mtumbwi ulikuwa huku, na mwenye mtumbwi alikuwa anasubiri mgongo wangu.

Walimfikisha jua likishuka. Zahanati ina kitanda kimoja, nami nilikuwa juu yake. Nikashuka haraka mno kwa mtu anayeumwa. Mama Spesioza, amelowa mpaka kifuani, akanishika bega: "Pole, mwanangu. Homa imeshuka?"

Nikasema imeshuka.

Mtoto alitoka halafu hakulia. Nilisikia Shamila akifanya kazi. Nilisikia Mama Spesioza ameacha kusali. Kimya kile siwezi kukiandika. Niliahidi mambo mengi sana, sikumbuki yote.

Kisha akalia.

Ijumaa, 15 Machi

Mvulana. Wote wawili wazima. Mama Spesioza anawaambia watu kwamba Mungu alimlaza karani ili muuguzi awe macho na wabebaji wawe tayari. Shamila alifungua mdomo, akaufunga. Mtoto ataitwa Justus. Padre, aliyevuka kuja kumwona, ameambiwa hivyo mbele yangu. Akasema ni jina zuri. Maana yake mwenye haki. Akanitazama, kisha akatazama maji.

Jumapili, 17 Machi

Nimerudi Tabora. Bi Maua, mwenye nyumba wangu, amefunga; nimemchotea ndoo za maji ya kupikia futari, kwa nia ya Mama Spesioza. Misa hutolewa kwa nia ya mtu aliye mbali, kwa nini ndoo isiwe hivyo? Malipizi nayahesabu yametimia. Zile ahadi za Alhamisi nilizitoa nikiwa na homa.

Baada ya misa Padre kaniita. Mtoto atabatizwa kwenye Mkesha wa Pasaka, hukohuko Kisiwani, na Mama Spesioza ameomba msimamizi awe mimi. Barua ya kuthibitishwa kazini Padre atanikabidhi hukohuko, mbele ya kigango. Limbu anasema maji bado yanapanda.

Nimekubali kwa heshima zote. Mgongo, hata hivyo, ulitajwa zahanati mbele ya mashahidi. Tangu adhuhuri nimeanza kutembea nimeinama kidogo.