Mabuti ya Marehemu Harlan

Jumanne, 7 Oktoba

Mzee Harlan Pruitt amefariki alfajiri, kitandani kwake, huko kwenye ranchi yake. Mungu amlaze pema. Habari imenikuta dukani nimebeba gunia la pumba. Nikalitua, nikavua kofia. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa mkewe, wala farasi wake, wala roho yake. Lilikuwa mabuti yake.

Naandika hapa kwa sababu neno kama hili huwezi kumwambia mtu.

Lakini mabuti yenyewe! Ngozi nyekundu iliyoiva, rangi ya ini. Shingo imedariziwa ndimi za moto. Na kisigino: kirefu, kinapungua kuelekea chini, kimeingia ndani kidogo kama mtu aliyeegemea ukuta. Watu husema kisigino kile ni cha kushikia kikuku cha tandiko, kile cha kuwekea mguu, ukiwa juu ya farasi. Sawa. Ila Mzee Harlan alipoingia mkahawani asubuhi, ko, ko, ko, wanaume wote tuliacha kutafuna. Mkulima wa pamba, mchunga ng'ombe, mtu wa benki, macho yote chini ya meza. Hakuna aliyesifu. Mwanaume hamsifu mwanaume mwenzake miguu. Tulimuuliza tu kama anaona dalili ya mvua, huku tunatazama sakafu.

Mimi ni mfupi. Wateja wageni wakiingia dukani huuliza kama kuna mtu kaunta. Nimesimama kaunta.

Jioni kapita shemeji Royce Tackett, kaka wa mke wangu Wynona. Dalali wa mnada wa ng'ombe, mrefu bila sababu yoyote ya maana. Kasema ameshakwenda kwa mjane, Bi Oleta, kumpa pole na kumwomba mabuti. Leo hii! Maiti haijapoa. Bi Oleta kamjibu kwamba Harlan atazikwa nayo. Nilimwambia Royce kwamba hana haya, na nilimaanisha. Kisha nikakaa nikiwaza udongo ukimwagwa juu ya ngozi ile.

Jumatano, 8 Oktoba

Wynona kanituma kwa mfiwa na bakuli la kuku na wali. Nyumba imejaa bakuli. Bi Oleta amekaa jikoni, mdogo, mkavu, amenyooka. Nikampa pole. Akaenda chumbani, akarudi na mabuti mikononi.

"Delbert," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa unayatazama kuliko wote. Harlan alikuwa akikucheka. Yang'arishe, kesho uyapeleke kwa Eubanks amvalishe. Nataka aende akiwa safi."

Mwanaume mwenye moyo angelia. Mimi nilihesabu. Gaylord Eubanks, mtu wa mazishi, hufungua nusu ya juu tu ya jeneza. Watu wanaona uso, wanaona tai, basi. Nani amewahi kuomba kuona miguu?

Ndani ya kabati nina mabuti niliyonunua mjini Lubbock kwa punguzo. Ya kiwandani, ya kahawia, kisigino kirefu kiasi. Nimeyapaka rangi nyekundu ya ngozi, tabaka juu ya tabaka, huko bandani. Kwa mbali ni ndugu. Kwa karibu ni watoto wa mjomba. Nikajiambia marehemu hatajua, na huko aendako atapewa mengine.

Nimeandika hiyo sentensi ya mwisho na sasa naona aibu kuisoma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepeleka yale ya uongo kwa Eubanks asubuhi. Hakuyatazama hata. Alinishika bega, akasema laiti mji huu ungekuwa na marafiki zaidi kama mimi. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayefukuzwa.

Wynona alikuwa kanisani akipanga maua. Nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikaingiza mguu wa kulia. Ukagoma. Nikasukuma. Ukaingia kwa mlio. Wa kushoto ukafuata. Nikasimama kwenye yote mawili na dunia ikashuka chini.

Nilitembea jikoni. Ko, ko, ko! Kifua kilitoka mbele chenyewe, kisigino ndicho kinachokisukuma. Mgongo ukanyooka. Nikaona juu ya friji kwa mara ya kwanza tangu tuinunue. Kuna vumbi la kutisha. Nilizunguka meza mara nyingi kuliko mtu mzima anavyopaswa kuzunguka meza.

Kisha nikataka kuyavua.

Kumbe Mzee Harlan alikuwa na mguu mwembamba kama wa paa. Wangu ni kiazi. Nilitumia kibao cha kuvulia mabuti, kikavunjika. Nilitumia sabuni. Nilitumia mafuta ya nguruwe ya Wynona, na yeye akaingia akanikuta sakafuni nimepakwa kama mkate unaosubiri tanuri.

Aliniuliza ni ya nani. Nikasema nimenunua. Aliinama akavuta, akarudi kinyumenyume kwa kishindo hadi mlangoni mwa kabati, mikono mitupu. Akakaa hapo hapo chini, akiziangalia zile ndimi za moto.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Oleta. Amebadili mawazo. Amekumbuka mama mkwe wake alimfundisha Harlan asipande kitandani na viatu, kwa hiyo atazikwa na soksi. Mabuti yatawekwa kwenye vikuku vya tandiko la farasi wake, visigino vikitazama mbele, kama walivyofanyiwa wazee wa zamani, na farasi atatembea bila mpandaji mbele ya jeneza hadi makaburini. Mji mzima utaona. Na angependa mimi ndiye nimwongoze farasi, kwa sababu nilikuwa rafiki.

Nikasema ni heshima kubwa. Sauti ilitoka kama ya mbuzi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimelala nayo. Wynona amelala chumba cha wageni.

Hesabu ni rahisi. Eubanks atanirudishia yale ya uongo kesho asubuhi nimvalishe farasi. Nikiweza kuvua haya leo, nitayaweka haya kwenye vikuku na hakuna kitakachojulikana. Kwa hiyo nimeshinda na miguu juu ya ukuta na barafu kwenye mataulo. Miguu imezidi kuvimba, kwa ukaidi tu.

Nilimwendea daktari wa mifugo, mtu asiyeuliza maswali. Akapima kwa macho, akachukua mkasi wa kukatia kwato. Akasema atapasua mshono wa pembeni, dakika moja. Nilishika mkono wake. Nikamwambia kama lazima akate kitu, aanze na mguu. Akarudisha mkasi mahali pake, akasema yeye huwatibu wanyama wenye akili tu.

Nyumbani, Wynona alikuwa ameshajua mabuti ni ya nani. Hakupiga kelele. Laiti angepiga.

"Nenda kwa Oleta sasa hivi," akasema. "Nenda hivyo hivyo ulivyo. Mwambie."

Nikasema mtu hawezi kumwongezea mjane huzuni siku moja kabla ya mazishi. Nikaona ni hoja ya hekima. Nikamwomba anishushie upindo wa suruali ya harusi yetu ili ifunike mabuti.

Aliishusha. Alishona, uzi ukipita na kurudi, halafu akaukata kwa meno na kunitupia suruali magotini. Akasema kesho yeye atakaa nyuma kabisa kanisani, pamoja na watu wasionijua.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika yote. Ni adhabu ndogo kuliko ninayostahili.

Mji huu umeomba mvua tangu masika. Ilichagua leo. Si mvua ya maana, manyunyu tu, yale yanayolowesha bila kusaidia pamba. Tulitoka kanisani. Mimi mbele na hatamu, farasi mweupe wa marehemu nyuma yangu, yale mabuti ya Lubbock yakining'inia kinyumenyume kwenye vikuku, kisha gari la maiti, kisha Bi Oleta kwa miguu, kisha mji.

Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha. Namwomba Mungu anisamehe hilo kuliko mengine yote. Nilikuwa mrefu. Visigino vililia kwenye lami na wanaume kando ya barabara wakavua kofia, na kwa hatua kadhaa nilisahau kwamba hawanivulii mimi.

Royce alikuwa mmoja wa wabeba jeneza, alitembea karibu. Nikasikia sauti yake, ya chini, isiyo ya mnadani.

"Shemeji. Farasi anatokwa na damu."

Nikageuka. Rangi ilikuwa inatiririka. Ubavu mweupe wa farasi ulikuwa na michirizi myekundu hadi tumboni, na kwenye vikuku mabuti yalikuwa yamerudia ukahawia wake, yenye madoa, ya bei ya punguzo. Mtoto mmoja akaanza kulia. Watu wakanong'ona kwamba ni ishara.

Nikaongeza mwendo. Langoni mwa makaburi lami inakwisha, kuna kokoto na tope. Kisigino cha kulia kikazama. Nikavuta. Mguu ukabaki, mwili ukaenda nyuma, kisha kisigino kikachomoka. Nilianguka chali kwenye tope, miguu yote miwili hewani, na pindo za suruali ya harusi zikateremka hadi magotini.

Ndimi za moto zote zikawa nje, zinang'aa kwenye manyunyu. Niliyang'arisha vizuri, hilo siwezi kukana.

Nilisikia farasi akitafuna lijamu. Bi Oleta akaja akasimama juu yangu, maji yakidondoka kwenye ukingo wa kofia yake.

"Delbert, hayo ni ya Harlan."

Nikasema ndiyo, mama.

"Basi simama. Farasi anangoja."

Nikasimama. Nikamwongoza hadi mwisho, nimepakaa tope toka kisogoni hadi makalioni, bila kuinua macho. Mchungaji aliposema mavumbi kwa mavumbi, nilihisi ananitaja.

Baadaye ukumbini, palipokuwa na nyama ya kubanika na maharage, Bi Oleta aliomba nivuliwe mabuti. Pale pale. Royce akanipa mgongo, akaweka mguu wangu katikati ya miguu yake, nami nikaweka mguu mwingine kwenye makalio yake, nikasukuma, yeye akavuta, watu wakiwa na sahani mikononi. Baridi ya makaburini ilikuwa imepunguza uvimbe. Yakatoka kwa mlio ambao watoto wataukumbuka. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa nje, kikiwatazama.

Nikamwambia Bi Oleta naomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakaisha hapo.

"Royce aliomba nikamnyima," akasema, "kwa sababu aliomba mume wangu bado ana joto. Wewe ungengoja mpaka Jumatatu, Delbert. Ungeniomba tu."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga na bakuli.

Kisha akaketi. Akavua viatu vyake vyeusi vya msiba, akavisukuma chini ya kiti. Akaingiza mguu kwenye buti la kulia, halafu la kushoto. Yakamkaa kama yameshonwa kwa ajili yake. Akasimama, mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, akavuka ukumbi kwenda kuwashukuru wapishi. Ko, ko, ko. Wanaume wote wakaacha kutafuna.

Sikuinua macho juu ya magoti yake. Sikuweza.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani kwa viatu vya kazini. Nimekaa nyuma. Wynona alikaa mbele, katika kiti chetu, peke yake, na hakugeuka. Mtu wa benki alinipa mkono kwa vidole viwili.

Mchana nikaenda ranchi kumwosha farasi. Hakuna aliyenituma. Rangi ile haitoki kwa sabuni ya kawaida, nimesugua mpaka mabega yakawaka, na bado ubavuni kuna waridi hafifu. Bi Oleta alinitazama kutoka barazani, halafu akaingia ndani, halafu akatoka na kikombe cha kahawa, akakiweka juu ya nguzo ya ua, akarudi zake. Nilikinywa kikiwa kimepoa. Nililia kidogo, farasi akiwa shahidi.

Nimeahidi mbele za Mungu kwamba sitatamani tena cha mtu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Wynona amerudi chumbani. Kasema ni kwa sababu kitanda cha wageni kinamuumiza mgongo. Nimelipokea neno hilo.

Bi Oleta kaja dukani asubuhi kununua shayiri. Amevaa mabuti. Nikamhudumia kwa adabu, nikabeba magunia mwenyewe hadi garini, sikutazama chini hata mara moja, isipokuwa alipopanda ngazi, na alipogeuka, na alipotoka.

Anakanyagia upande wa nje. Kisigino cha kushoto kitaanza kulika kabla ya Krismasi. Inauma kuona. Halafu mama wa umri ule, kwenye visigino virefu hivyo, na baridi inakuja, na ngazi za baraza yake zina barafu kila Januari. Mtu mwema hawezi kukaa kimya.

Kwenye duka la mjini wana viatu vya wanawake vya sufi, bapa kabisa, joto kama tanuri. Nimewaza kumpelekea jozi. Zawadi ya kuomba radhi, basi. Mguu ukishazoea kiatu bapa hautaki tena kupanda juu, kila mtu anajua hilo. Mabuti yatakaa kabatini bila kazi. Nami sitaiba, sitabadilisha, nitaomba tu, kama alivyosema mwenyewe. Na leo ni Jumatatu.

Nimemwambia Wynona naenda kununua gundi. Kabla ya kutoka nimepima miguu yangu kwa kamba. Nikikaa bila kunywa chochote, ni myembamba ajabu.