Nilivyowafundisha Wageni Kusalimia Soko la Nyakoe

Wenzangu, leo nimeaibika. Mchana kweupe, katikati ya soko la Nyakoe, mbele ya wageni wawili kutoka Uswisi na kamera yao. Nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa watu wengine, maana wao wataongeza chumvi. (Haihitaji chumvi.)

Mnajua Jumapili hii wazee wangu wanakwenda Ikonge, kwa akina Kerubo wangu, kumaliza maneno ya ndoa. Mama yake akisema neno moja tu, "Huyu kijana hana ensoni," basi nimekwisha, nitajipikia ugali wa wimbi mpaka uzee. Ensoni ni ile haya ya kuheshimu wakwe. Kwetu Gusii, heri ukose ng'ombe kuliko kukosa hiyo.

Sasa asubuhi, kabla sijaingia darasani kufundisha, mwalimu mkuu akaniita. "Wewe una mdomo. Watembeze hawa wageni, uwaambie mtalii akija huku afanye nini."

Mimi nikaona nimesifiwa. Nikavaa tai!

Njiani nikawamwagia ushauri Bwana Karl na mkewe Inge. Wamejifunza Kiswahili kitabuni, na Inge aliandika kila nililotamka. Ukipewa chakula, kula. Beba mwavuli hata jua likiwaka, mvua ya Kisii haipigi hodi. Na zaidi ya yote, msalimie kila mtu kwa mkono.

"Kila mtu?" akauliza Karl.

"Kila mtu! Tena usiuachie mkono haraka. Ushikilie, uliza habari za watoto, uliza za ng'ombe. Ukiuachia mapema watasema una kiburi."

Tukafika kwa wauza ndizi. Nikaona niwape mfano. Inge akainua kamera, akauliza kama anaruhusiwa. "Piga tu!" nikasema. (Nani aliniuliza ruhusa ya soko zima?) Nikaitazama kamera, nikatabasamu, nikanyoosha mkono pembeni bila kugeuza shingo, maana tai ilikuwa imekaa vizuri. Nikaukamata mkono wa mama mmoja aliyekuwa ameuinamia mkungu wake.

"Bwakire, mama!"

Mkono ukajivuta. Nikaukaza.

"Mnaona anavyovuta? Hiyo ni heshima. Nyinyi msiachie!" Nikautikisa. Ukavuta kwa nguvu zaidi. Nikaongeza mkono wa pili. "Ng'ombe hawajambo?"

Kamera ikalia. Halafu soko likanyamaza. Wauza ndizi wa Nyakoe, wanaonizidi mdomo mara kumi, kimya!

Nikageuka.

Ee Nyasae! Mama yake Kerubo!

Nyinyi mliooa makabila mengine, jueni hili: Mkisii hamshiki mama mkwe mkono. Hata wakikutana njiani, anampisha kwa mbali. Na mimi nilikuwa nimemshika kwa mikono miwili, nikimtikisa kama mti wa mapera. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mwalimu ameshika mama mkwe!" akapiga kelele muuza ndizi mmoja, kana kwamba kuna aliyekuwa hajaona.

Nikakimbia. Sikufika mbali. Nikajitupa nyuma ya lundo la mikungu na kuchutama hapo, tai imenasa kwenye mkungu. Nikasema moyoni, Kerubo nimemkosa.

Nikichungulia, naona nini? Karl, mwanafunzi wangu hodari, anamwendea yule yule mama! Akaukamata mkono wake kwa mikono miwili. Hakuachia.

"Mama, habari za watoto? Ng'ombe hawajambo?"

Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso. Nikaona mabega yakitikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Ng'ombe iko mzuri," akamjibu, kwa sauti ya kufika hata huku kwangu. "Na Jumapili itaongezewa mbuzi ya kuosha hii aibu. Ataleta ile mwalimu anajificha kwa ndizi."

Jumapili! Wenzangu, amesema Jumapili! Nilikaribia kutoka nikamshike mkono tena.

Inge ameahidi kuituma picha kwa anwani ya shule, ikisafishwa. Nawaomba, atakayeipokea aichome. Na mtalii akiwauliza ushauri, mwambieni bila wasiwasi akija Gusii asalimie watu wote. Mwenyeji ndiye ageuze shingo kwanza.