Difu ya Nyamongo

Alhamisi, 24 Aprili

Aibu! Nimekwama tena kwenye mlima wa Marani. Ndizi zimejaa nyuma, matope hadi kwenye vitasa vya milango. Gurudumu la kushoto linazunguka kama lina wazimu, la kulia limetulia tu kama mgeni anayesubiri chai. Hapo ndipo Nyamongo akanipita. Pikapu yake kuukuu kuliko yangu! Akapunga mkono. Akatabasamu. Mkono ningeusamehe.

Hali ni mbaya. Orpah, yule mama anayenunua ndizi za bonde lote na kuzipandisha hadi kwenye lori la Nairobi, ametangaza kwamba Jumatano atachagua pikapu moja ya msimu mzima wa mvua. Moja tu! Ama mimi ama Nyamongo. Nikikosa, mke wangu Kaltuma amesema pikapu inauzwa, nami narudi kukata mapazia dukani kwa kaka yake, Hafiz, mjini Kisii. Nilishakata mapazia pale. Hafiz hunisahihisha mbele ya wateja. Afadhali matope.

Kaltuma anasema Nyamongo huweka magunia mawili ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma na kupunguza upepo wa magurudumu kidogo. Ati kaambiwa na mke wa Nyamongo mwenyewe, sokoni. Mchanga! Nimecheka hadi chai ikanitoka puani. Kwa pilau Kaltuma hana mpinzani, lakini magari atuachie wenyewe.

Siri iko chini ya ile gari. Lazima.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilipokuwa msikitini Nyamongo alibeba mizigo ya Orpah peke yake. Mtu wa hila huyu! Kesho ni Sabato yake, hatabeba hata jani la mgomba. Atakuwa kanisani. Pikapu itakuwa nje. Ninawaza.

Baada ya swala nikaenda kwa fundi Ondieki, kule gereji za jua kali. Akanieleza habari za difu, kile kibuyu cha chuma kilicho katikati ya ekseli ya nyuma. Ya kawaida hupeleka nguvu kwa gurudumu linaloteleza, na lililoshika ardhi halipati kitu. (Kama serikali, nikasema. Hakucheka.) Lakini kuna difu ya kubana. Hiyo huyabana magurudumu yote mawili yasukume pamoja, hata moja likiwa kwenye utelezi. Mlima wenyewe unakuja kwako!

Nikamuuliza mtu ataitambuaje. Akasema inua nyuma kwa jeki, gari likiwa kwenye gia, zungusha gurudumu moja. Likigoma kuzunguka, ni ya kubana. Likizunguka na la pili likaenda kinyume, ni ya kawaida.

Nikamkatiza hapo hapo. Nyamongo anayo ya kubana. Bado ushahidi tu.

Jumamosi, 26 Aprili

Barabara tupu, mpinzani yuko kanisani. Mzee Ogari akanisimamisha, anataka nimbebee kabichi hadi Kisii, malipo mkononi. Nikamwambia nina shughuli kubwa zaidi.

Kanisa la Wasabato liko pale kwenye kona kali, kabla ya kilele. Ndani wanaimba, nje pikapu ya Nyamongo imeegeshwa kwenye gia, kijiwe mbele ya gurudumu. Nikajilaza chini na jeki yangu. Nyuma nzito ajabu! Ilibidi nishushe kwanza magunia mawili ya mchanga ndipo inyanyuke. Sijui anajenga nini.

Nikazungusha gurudumu la kushoto. La kulia likaenda kinyume. Nikazungusha tena. Kinyume!

Nililala pale nikatafakari sana. Mtu mwenye difu ya kawaida hawezi kunishinda mimi. Nyamongo amenishinda. Kwa hiyo difu yake si ya kawaida. Kwa hiyo ameifanya ijifiche. Mjanja kuliko nilivyodhani!

Mara nyimbo zikakoma. Nikaona viatu. Vingi, vyote vimepigwa rangi. Nyamongo akainama, akanitakia Sabato njema. Nikasema nilikuwa napita, nikaona nati imelegea, roho ikaniuma.

Basi macho yake yakalowa! Akawatangazia wote kwamba leo wao hawaruhusiwi kushika spana, na tazameni, Mungu amemleta jirani Mwislamu aje awashikie. Mzee wa kanisa akaniombea kwa Ekegusii, kirefu sana. Akina mama wakanipa matoke na mboga ya chinsaga. Sahani mbili. Chinsaga yao wanailima wenyewe nyuma ya kanisa, tamu kweli. Nyamongo akanisaidia kurudisha magunia na kunishukuru tena. Sijawahi kudhalilishwa namna hii.

Jumatatu, 28 Aprili

Difu ya kubana haipatikani Kisii wala Nyamira. Ondieki anasema iagizwe Mombasa, wiki tatu. Mimi nina siku mbili! Nikamwambia achomelee gia za ndani ya difu yangu ziwe kitu kimoja. Magurudumu yatafuatana yakitaka yasitake.

Ondieki akaweka spana chini. Akasema kwenye kona gurudumu la nje hukimbia kuliko la ndani, na ukiyafunga pamoja gari litang'ang'ania kwenda mbele tu. Nikamwambia mimi nina shida na mlima, kona sina shida nayo. Akaniuliza ni mlima gani wa Kisii usio na kona. Mafundi wa siku hizi wanapenda mabishano.

Amechomelea. Ila alinilazimisha nitamke mbele ya mama wa chai kwamba nimeonywa. Nikatamka kwa sauti, mama akatikisa kichwa.

Jumanne, 29 Aprili

Alhamdulillahi! Nimepanda matope ya Marani, pale paliponyooka kabla ya kona ya kanisa, kama mbuzi! Magurudumu mawili, moyo mmoja! Pikipiki zimekwama pembeni, mimi napita tu.

Kwenye lami ya Kiogoro gari linalia kidogo likikata kona. Kweli, linalia sana. Wanawake wa sokoni walisimama wakidhani kuna ng'ombe amegongwa. Ni sauti ya nguvu. Kaltuma anasema aliisikia akiwa jikoni. Akauliza tena kama nimejaribu mchanga. Kesho atakuwa mke wa mwenye kazi ya Orpah, ataongea kwa heshima.

Jumatano, 30 Aprili

Siwezi kuandika. Naandika.

Mvua ilinyesha toka alfajiri. Orpah akasimama na mwavuli pale kwenye kona ya kanisa, aone anayefika. Nyamongo akatangulia, pole pole, na ndizi zake na magunia yake. Akapita. Nikamwona Orpah anaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikasema moyoni, ngoja uone gari.

Nikapanda kama risasi! Matope yanaruka pande zote. Nikamsikia Orpah akimwita Mungu kwa Ekegusii, "Nyasae! Huyu Osman ameamua nini leo!" Ulikuwa wakati mtamu kuliko wote maishani mwangu, na uliishia kwenye kona.

Nikakata usukani. Usukani ukakubali. Pikapu ikakataa. Ikaenda mbele tu, ikapita ua wa kanisa, ikaingia kwenye shamba la chinsaga. Akina mama waliokuwa wakichuma wakatawanyika na vikapu vyao. Nikakanyaga mafuta nijitoe. TAK! Shafti ya ekseli ikakatika. Ndizi zikateremka moja moja hadi miguuni pa Orpah.

Nyamongo akarudi na kamba, akanivuta hadi barabarani. Orpah ndiye aliyenisema mbele ya watu wote. Akasema, "Osman, mimi sitafuti gari ya nguvu. Natafuta gari ya kufika." Kazi akampa Nyamongo palepale.

Nililia kidogo. Kwa bahati mvua ilikuwa kubwa.

Jumatatu, 5 Mei

Duka la Hafiz. Futi kamba shingoni. Pikapu iko kwa Ondieki, mnunuzi anatafutwa.

Leo mchana Nyamongo kaja dukani, kaketi, kanywa chai ya Hafiz. Akasema kuna shule kule Sironga inataka mtu wa kuwapelekea mboga kila Jumamosi, msimu wote. Yeye Jumamosi hawezi, akawapa jina langu. Shule imekubali. Ameshaongea na Ondieki aniwekee difu ya kawaida na shafti nyingine, nilipe kidogo kidogo. Ameongea na Kaltuma pia, na Kaltuma amekubali pikapu isiuzwe kwanza. Ati hii ndiyo nafasi ya mwisho, nimsikilize Nyamongo.

Kisha akaniteremshia magunia mawili ya mchanga hapo mlangoni. Akanishika mkono, akasema niyaweke juu ya ekseli, nipunguze upepo, niende pole pole. Ati hiyo ndiyo siri yake yote, tangu zamani.

Nusura nimkumbatie. Kisha akili ikanirudia. Mtu gani humpa mpinzani siri yake bure? Anataka kunipa uzito nikwame mbele ya walimu!

Nilimshukuru sana. Alipoondoka tu mchanga nikampa jirani anayepiga plasta ukuta wake. Nimeshapiga simu Mombasa kuulizia difu ya kubana. Na Jumamosi nitaupanda mlima nikiwa mwepesi kama unyoya, magurudumu yamejaa upepo yalie kama ngoma.

Hafiz ananiita. Kuna mteja kafungua pazia nililokata asubuhi, anasema limepinda. Halijapinda. Dirisha lake ndilo limepinda.