Vitabu vya Sauti na Pikipiki ya Shangazi Pélagie

Jumatatu, 6 Mei

Nimeamka maskini. Nalala karibu tajiri!

Shangazi Pélagie alituita kwake asubuhi, mimi na binamu yangu Yves. Macho yake yamechoka kabisa. Miaka yote aliyofundisha hapa Kasongo alisahihisha madaftari kwa kibatari, na sasa herufi zinamtoroka kama siafu waliomwagiwa majivu. Lakini amesikia kwa jirani yake Olga, yule anayeuza sombe, majani ya muhogo, kwamba siku hizi simu inaweza kumsomea mtu kitabu kwa sauti. Akatangaza: kati yetu wawili, atakayempatia vitabu vya kusikiliza, vyenye sauti safi na visivyomfilisi, huyo atachukua pikipiki ya marehemu mume wake, Mzee Antoine.

Ile nyekundu! Iko sebuleni, imefunikwa kitenge kama mgonjwa. Mwenye pikipiki ile anapakia watu mpaka Salamabila kwenye machimbo ya dhahabu, na nani atamwita tena mzigo wa ukoo?

Yves alitabasamu. Yves ni fundi wa simu. Mimi nauza vifuniko vya simu. Tofauti ni ndogo sana.

Nimeazimia. Nitalinganisha huduma zote duniani, bei kwa bei, sauti kwa sauti. Kwa utaratibu. Yves hana utaratibu.

Olga aliniuliza kwa nini nisiketi tu nimsomee Shangazi mwenyewe. Nilicheka mpaka nikamhurumia. Watu wa sombe na teknolojia!

Jumanne, 7 Mei

Nimepanda kilimani, penye mtandao. Huduma ya kwanza ni ya Ulaya. Vitabu kama mchanga. Wanataka dola kila mwezi, tena kwa kadi ya benki. Kadi ya benki! Katika ukoo wetu kadi tulizonazo ni za uchaguzi na za ubatizo.

Hata hivyo wanaruhusu kuonja mwanzo bure. Nikashusha hadithi ya harusi. Mega zangu zote za mtandao zikamezwa bibi harusi akiwa bado njiani kwenda kanisani.

Sauti: safi ajabu. Unamsikia msomaji akimeza mate. Shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akauliza huyu Mfaransa anakimbizwa na nani. Nikamweleza kwamba ndivyo wanavyoongea kule. Akasema basi wapumzike kidogo. Hapo hadithi ikakatika. Akanishika mkono, akataka kujua kama yule binti alifika kanisani au alirudi kwao. Nitajuaje? Kujua ni dola!

Nimeondoka amenuna. Sauti naipa alama za juu. Bei: haiwezekani.

Alhamisi, 9 Mei

Huduma ya pili ni bure! Unapiga picha ukurasa, mashine inausoma. Nilijiona nimeshaweka mafuta kwenye tangi.

Mashine haipumui. Inasoma nambari ya ukurasa, inasoma jina la mchapaji, hata doa la mawese ilijaribu kulisoma. Mtu anakufa katika hadithi, yenyewe inatangaza kama bei ya mchele. Na Kiswahili chetu inakitafuna kama mzungu aliyefika jana. Shangazi alivumilia ukurasa mmoja. Akauliza:

"Huyu mutu, mama yake iko?"

Nikasema hana mama, ni mashine. Akasema inasikika.

Saa hiyohiyo akaingia Yves, amebeba spika kubwa kama jiwe la kusagia, na kadi ya memori aliyonunua sokoni kwa bei ya kuku mdogo. Vitabu vimejaa ndani. Sauti! Vikombe vilicheza kabatini. Lakini sura zimevurugika. Muuaji alikamatwa mwanzoni kabisa, halafu maiti akaamka akanywa kahawa. Nilicheka mpaka nikapaliwa. Ikafika sehemu ya wapenzi wawili mtoni, na spika ikawatangazia mtaa mzima. Katekista André alikuwa anapita. Alisimama nje ya ua mpaka sura ikaisha, eti alikuwa anafunga viatu. Ana ndara.

Shangazi akasema walau huyu muuaji ana sauti ya binadamu. Hatari. Yves anaongoza.

Ijumaa, 10 Mei

Wazo! Nitatengeneza huduma yangu mwenyewe. Bei: sifuri. Sauti: yangu. Kwaya waliniweka mstari wa nyuma kwa sababu ya nguvu zake.

Nimechukua kitabu katika sanduku la Shangazi bila kumsumbua kwa kumwomba. Kina jalada la kijani, ni cha Kiswahili, kilichapwa kabla sijazaliwa. Mjane, mto, mitumbwi, ndugu wanaogombania nyumba. Studio yangu ni depo ya mpunga ya kaka yangu. Magunia yanazuia kelele, na mimi niko chini ya godoro na simu.

Mbuzi aliingia. Nikaanza upya. Mvua ikapiga mabati. Nikaanza upya. Mjane yuko kaburini analia, sauti nyuma yangu inauliza gunia ni bei gani. Nikaanza upya! Na vumbi la makapi linanipigisha chafya kila baada ya nukta.

Sitakata tamaa. Yves hawezi kukaa chini ya godoro hata kidogo.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya misa nimerudi chini ya godoro. Kitabu hiki kirefu! Nimeanza kukisaidia. Maelezo ya mto: nimetoa, kila mtu anajua mto. Sala ya bibi: nimetoa, leo nimeshasali. Vifo vingi mno, nimebakiza cha mume tu.

Halafu nikaona hadithi yenyewe ina kasoro. Haina mafundisho. Nikaongeza kijana mmoja, mchapakazi, mpole, mwenye uso mzuri, anaitwa Salomoni. Nikaongeza na binamu yake mvivu, Ivo. Kwenye kitabu yule mjane mwishoni anaiachia misheni nyumba yake. Kwangu anampa Salomoni pikipiki. Nyekundu.

Nani atahakiki?

Jumanne, 14 Mei

Naandika uso ukiwa bado wa moto.

Tulikaa sebuleni kwa Shangazi: yeye kwenye kiti chake, Yves pembeni, Olga mlangoni na beseni lake. Nikabonyeza simu. Sauti yangu ikatoka nzuri, nzito, na makapi kidogo. Shangazi akatabasamu! Midomo yake ikaanza kuchezacheza. Nikafikiri anasali kwa furaha.

Kumbe alikuwa anatangulia maneno. Kitabu hicho amewafundisha watoto wa Kasongo, na watoto wa watoto wao. Kiko kichwani mwake chote, pamoja na nukta.

Midomo ikasimama. "Umeruka," akasema.

Nikasema ni mtandao. Akauliza mto uko wapi. Akauliza bibi aliyepiga magoti akaomba, nani amemwinua kabla ya amina. Nikasema labda ni chapa nyingine. Ndipo pikipiki ikaingia katika hadithi. Shangazi akainua mkono, kama darasani, akaniita kwa jina langu.

"Salomon! Humu ndani watu wanatembea na mitumbwi. Hiyo pikipiki weye uliivusha na mutumbwi gani?"

Olga aliweka beseni chini ili acheke vizuri. Yves alilia machozi. Nilinyoosha mkono nizime simu, nife kwa amani. Shangazi akakataza. Akasema iendelee.

Ikafika ile sehemu ya mume kufa. Sikuwa nimeikata. Pale sauti yangu ilikatika katikati ya sentensi, ikanyamaza, ikarudi chini-chini. Ilikuwa makapi. Lakini Shangazi alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakatikisika. Hakuna aliyecheka tena. Olga akaja akaketi karibu naye. Yves akaangalia viatu vyake. Mimi nikaangalia pikipiki ya Mzee Antoine, na kwa mara ya kwanza niliona alama za mikono yake kwenye mpira wa usukani, pale ulipolika.

Sikusema habari ya makapi.

Jumatano, 15 Mei

Hukumu. Yves amezipanga sura zake, na muuaji sasa anakamatwa mwishoni. Pikipiki ni yake.

Nilipinga kwa nguvu. Nilimkumbusha Shangazi kwamba mimi ndiye niliyelinganisha bei na sauti, kilimani, juani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajibu kwa upole:

"Mutu anayeruka kurasa ataruka na madaraja. Njia ya Wamaza, ya kwenda Salamabila, haitaki mutu kama huyo."

Kisha akaniambia nikae. Akasema huduma zote nilizoleta, hakuna hata moja iliyomwuliza kama amechoka, wala iliyojua kunyamaza alipohitaji kunyamaza. Ile yangu, ya uongo, ilinyamaza mahali pake. Basi niwe nakuja kila jioni, niketi, nimsomee kwa mdomo wangu. Kurasa zote. Akanipa kitabu cha kijani.

Nikasoma. Alinisahihisha kama mtoto wa mwaka wa kwanza. Nilipofunga kitabu akakohoa kidogo, akauliza kama vile hajali: yule Salomoni wa pikipiki, alifika wapi? Kwa sababu kitabu anakijua, lakini huyo hamjui. Nikamsimulia. Nilimfikisha Salamabila, nikamwoza binti wa mfanyabiashara wa dhahabu, nikamtumbukiza Ivo kwenye shimo la mgodi, nikamtoa. Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Olga alituletea wali na samaki, na hakusema lolote kuhusu teknolojia. Mwanamke mwenye heshima.

Nilirudi nyumbani moyo mwepesi. Sijui kwa nini.

Halafu Yves akanipita na abiria wawili na kuku. Akapiga honi!

Ijumaa, 17 Mei

Nimefikiri tangu jana. Sasa naona wazi. Kosa halikuwa la kitabu changu, lilikuwa la msikilizaji. Kasongo watu wamesoma kupita kiasi. Salamabila kuna wachimbaji kutoka kila pembe ya mashariki, wanarudi kutoka mashimoni wamechoka, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa na Shangazi. Nitawauzia hadithi kwenye kadi za memori. Bei ya chini kuliko Ulaya, sauti ya juu kuliko mashine. Kitabu cha kijani sasa kinakwisha kabla wali haujaiva. Nimeongeza ndege na mchawi.

Kazi hii inataka muda, na kwa Shangazi ni kila jioni. Leo nimemtuma Olga aseme kwamba nina homa, nisije nikamwambukiza mzee. Ili asikose sura yake ya leo nimemrekodia, nimempa Olga simu yangu ya zamani ampelekee. Nimesoma vizuri, taratibu, hata kunyamaza nimenyamaza mahali pengi.

Nimepunguza kidogo tu katikati. Kurasa chache zisizo na maana.

Hatagundua.