Kuku Shahidi wa Tani Mbili

Yote yaliletwa na redio. Ilikuwa saa nne asubuhi, kwenye benchi mbili za Mama Pétronille karibu na njia ya bandari, ilipotangaza kwamba mtu mmoja wa Bukavu aliumwa na mbwa wa jirani, akaenda tribunali, yaani mahakamani, na tribunali ikamwamuru mwenye mbwa amlipie matibabu hadi apone. Mama Pétronille, ambaye huuza kahawa na mandazi hapo, alipunguza sauti. Wateja wake wa kila siku wakaanza kujikagua miili.

"Miye, mbuzi ya jirani ilinipiga pembe mwaka jana," alisema Ushindi, akipandisha suruali. "Angalia alama!"

Ushindi ni dereva wa pikipiki. Watu humwita Bila-Breki, na jina hilo hakupewa kwa kumsifu.

"Ile si pembe, ni upele," alisema Mama Pétronille.

Mwishoni mwa benchi alikaa Gracien, mguu wa kushoto ameunyoosha, na kwapani ana kuku jike aliyefungwa kamba. Gracien ndiye Tani Mbili. Zamani alikuwa akibeba magunia mawili ya saruji kwa mara moja, na bandari nzima ilisimama kumtazama. Siku hizi jina lenyewe lilimuuma kuliko mguu. Wiki saba zilizopita, ubao wa kupandia lori ulivunjika pale depo, ghala la saruji anakobeba mizigo, akaanguka, gunia likamfuata. Shefu wa depo alimpa pole na soda moja. Tangu hapo nyumba iko mikononi mwa mkewe Blandine na karai lake la kuuzia ndagala, dagaa wa ziwani, na leo depo ilikuwa imeahidi kutuma mtu aje kusikiliza madai yake. Gracien alitaka mambo mawili tu: wampeleke hospitali akapigwe picha ya mfupa, kisha wampe kazi ya kukaa, ya kuhesabu magunia, hadi mguu upate nguvu.

"Musichanganye bintu," alisema Anastase, akiweka kikombe chini. Huyo wanamwita Maître, kama mwanasheria. Sheria zote anazozijua aliziokota katika miaka mitano ya kuuza fotokopi mbele ya tribunali. "Kuumia iko namna mingi. Ukigongwa mu barabara, unatafuta mwenye gari na asiransi yake, ile bima..."

"Ya barabara uiruke," alisema Ushindi haraka.

"Kwa nini airuke?" Mama Pétronille aligeuka na mwiko mkononi. "Kisigino changu ulikanyaga na ile pikipiki yako, mu mwezi wa tatu!"

"Mama, nilikuomba pole!"

"Pole njo asiransi yako?"

"Munaona?" Maître alifurahi. "Ile ni kesi! Sasa, ukiumwa na mbwa, unatafuta mwenye mbwa. Munganga wa hospitali akikupasua fasi haikuwa inauma, unatafuta munganga. Na ukitoboka ku benchi ya muntu, unatafuta mwenye benchi. Mama, hii benchi iko na musumari. Suruali yangu iko shahidi."

"Ile suruali ilikufa mbele ya hii benchi kuzaliwa."

"Na muntu akijigonga mwenyewe?" aliuliza Ushindi.

"Ile unapeleka kwa pasta." Maître akamgeukia Gracien. "Ya Tani Mbili njo kubwa kupita yote. Ajali ya kazi! Ubao ni ya depo, gunia ni ya depo, muguu tu njo yake. Kaka, sertifika ya munganga iko wapi?"

Gracien aliingiza mkono kwapani. Akamwinua kuku.

"Njo huyu."

Benchi zote mbili ziligeuka kumtazama kuku.

"Hospitali sikuendaka," alisema Gracien. "Banasema bale banganga bakikuona na muguu imevunjika, banakata. Nilienda Runingu, kwa Mama Bernardine, ule anaunga mifupa. Alivunja muguu ya huyu kuku, akatufunga bote wawili na dawa moja, siku moja. Akasema: kuku akikanyaga, na weye utakanyaga. Sina karatasi. Niko na kuku."

Ushindi alikuna kichwa. Maître aliinuka taratibu, macho yameng'aa.

"Huyu si kuku," alisema. "Huyu ni dosye ya kesi."

Gracien hakuwaambia jambo moja. Tangu juzi, dosye huyo alikuwa akikimbizwa uani na jogoo wa jirani, na jogoo alikuwa hamfikii. Ndiyo maana alimfunga kamba. Mguu wake mwenyewe ulikuwa bado unavimba kila jioni, na aliona aibu kwamba kuku amemtangulia.

Mtu wa depo alifika saa tano. Aliitwa Sévère, alikuwa na viatu vya kung'aa na faili kwapani, na alikataa kukaa.

"Njo weye Gracien? Nionyeshe ushahidi."

"Mukubwa!" Maître aliruka mbele. "Mbele ya yote, sheria haitaki shahidi asimame na kamba! Shahidi afunguliwe!"

"Maître, ngojea..." alisema Gracien.

Maître alikuwa ameshachukua kisu cha Mama Pétronille. Kamba ilikatika. Kuku alisimama kwa miguu yote miwili, akajikung'uta. Ushindi, kwa mshangao, aliponyokwa na kipande cha andazi, kikarukia ng'ambo ya mtaro wa kando ya njia. Kuku alikimbia, akauruka mtaro, akakidaka, kisha akauruka tena kurudi.

Sévère alifungua faili, ambamo madai ya Gracien yalikuwa yameshaandikwa, pamoja na mganga wake.

"Ule mama wa Runingu alisemaka nini?"

"Kuku akikanyaga, na yeye atakanyaga!" alijibu Ushindi, kwa moyo wote wa kusaidia.

"Kuku amekanyaga," alisema Sévère, akiandika. "Na ameruka mutaro. Depo inakupongeza, Gracien. Kesho saa moja, magunia iko inakungojea."

Gracien aliinuka kwa ghadhabu. Goti likakunjika, akashikilia meza, vikombe vikalia.

"Mukubwa, angalia muguu yangu. Ya kuku hapana. Yangu."

"Shahidi ulimuleta weye mwenyewe."

Hakuna aliyeuangalia mguu. Hata Maître alikuwa akimtazama kuku, kama mtu aliyeshindwa kesi yake ya kwanza. Gracien aliona hasira zikimwisha, akabaki na uchovu. Akainama kwa shida, akamkamata kuku aliyekuwa akidonoa karibu na kiatu chake, na kumweka juu ya faili la Sévère.

"Basi sawa. Kama kuku njo amepona, kesho saa moja abebe yeye. Mumuanzishe na gunia moja. Mawili ilikuwa yangu."

Akaanza kuchechemea kuelekea nyumbani. Nyuma yake Sévère alikuwa akipigwa mabawa usoni na kuomba msaada, na hakuna aliyenyanyuka kumsaidia. Ushindi aliwasha pikipiki, akamfikia Gracien kwenye kona.

"Panda, Tani Mbili. Nikufikishe."

Gracien aliitazama pikipiki. Akamtazama Bila-Breki.

"Aksanti, kaka," alisema. "Nikianguka kwako, sina kuku mwengine."