Malalamiko ya Mbunge Ambaye Hajatekwa

Hirekoppa, Jumatano

Kwa Mheshimiwa Chandregouda,
Mwenyekiti wa Chama, Bengaluru.

Mheshimiwa,

Pole kwa misukosuko ya serikali yetu. Mimi ni Ningappa Hosamani, mbunge wa Hirekoppa katika bunge la jimbo letu la Karnataka, India, kwa miaka kumi na sita, endapo umenisahau, na dalili zote zinaonyesha umenisahau. Kura ya kutokuwa na imani ni kesho. Kama ilivyo desturi yetu, wabunge wamebebwa kwa mabasi na kufungiwa hotelini wasije wakanunuliwa na upande wa pili. Wote isipokuwa mimi. Nalalamika hivi:

1. Sanduku langu liko mlangoni tangu Jumapili. Mke wangu Gangavva amelipanga mara tatu, maana kila siku nalifungua kutafuta mswaki.

2. Mbunge wa jirani, ambaye hajawahi kusema bungeni zaidi ya "naunga mkono", nimemwona kwenye televisheni akiogelea. Wamemteka yule! Mimi nimehama vyama vitatu kuja chama hiki, nina uzoefu mkubwa wa kununuliwa, nakosaje ulinzi?

3. Nimekuwa kichekesho. Jana kinyozi Mallesha alinipigia kelele sokoni: "Mheshimiwa, bado upo? Kumbe hata wezi wanachagua!" Watu wakacheka, nami nikacheka nao, lakini moyoni niliumia. Asiyetekwa safari hii, nani atampa tiketi uchaguzi ujao?

4. Usiseme sikupatikana. Simu nimeizima, ni kweli, kwa sababu watu wa kijiji cha Kallur hawaachi kuniuliza kuhusu lile daraja lao la mtoni. Nililiahidi mara nne, na ahadi zangu sizibadilishi. Wakija nyumbani, Gangavva huwajibu kuwa niko Bengaluru, nami hupumzika stoo. Lakini mtekaji wa kweli hapigi simu kwanza.

5. Leo asubuhi nimejishusha zaidi. Niliposikia basi la wapinzani litapita barabara kuu, nilisimama katikati na sanduku langu, nimevaa kurta, lile shati letu refu, nyeupe iliyopigwa pasi. Dereva alipiga honi, akatoa kichwa: "Mzee, toka barabarani! Hili si basi la abiria!" Nilimwambia mimi ni mbunge. Akasema, "Na mimi ni Waziri Mkuu," akaondoa gari.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu nitekwe haraka, mchana, kupitia sokoni mbele ya duka la Mallesha. Wawepo wanaume wawili wa kunishika mikono. Nitakataa kidogo kwa ajili ya heshima, wasinisikilize. Chumba chochote kitanitosha, hata kisichoelekea bwawa.

Msalimie mama wa nyumbani kwako, wajukuu, dereva, na wenzangu wote huko mlikowaficha. Gangavva naye anakusalimu.

Wako mtiifu katika chama hiki cha nne,
Ningappa Hosamani

N.B. Gangavva ameisoma barua hii kabla sijafunga bahasha, akacheka hadi akakaa chini. "Baba Sumangala," ameniambia, "mbona walikuja? Jumatatu asubuhi walikuja watu wa chama chako, na gari jeupe. Mchana wakaja wa upande wa pili. Wewe si ulikuwa stoo nyuma ya magunia ya mtama, unanipungia mkono niwafukuze? Nikawaambia uko Bengaluru, kama ulivyonifundisha." Ni kweli nilipunga mkono. Nilidhani ni watu wa daraja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, futa namba moja hadi tano. Naomba tu ulirudishe lile gari. Safari hii nitafungua mwenyewe.

Lango limegongwa sasa hivi. Gangavva amekwenda, nami namsikia akisema, "Yupo, ingieni." Ni watu wa Kallur. Wamekuja na trekta, wanataka nikalale kwao hadi mto upungue, nione wanavyovuka. Wanaume wawili wamenishika mikono. Nimekataa kidogo, hawakunisikiliza, na sanduku wameshalipakia.