Mwale Wangu wa Nne

Jumatatu, 3 Machi
Leo hapa maabara tumekamilisha mrija, bomba la shaba la kuzalisha nguvu. Ndani yake mna miale saba ya elektroni badala ya mmoja mnene. Kila mwale na mzigo wake mdogo. Nguvu zikijumlishwa zinaendesha mashine mpya ya mionzi ya hospitali. Shangazi, aliyenilea, ni wa tatu kwenye foleni ya mashine hiyo. Uvimbe wake haungoji. Mwale wa nne nimeutengeneza mimi. Mingine sita ni kazi ya mwenzangu tunayemwita Miwani, na anavyotembea siku hizi, sakafu haimtoshi.

Jumanne, 4 Machi
Majaribio. Kila mwale una mita ya kupimia nguvu yake: mita saba, mishale saba, yote sawasawa. Mkuu wa maabara katupongeza kwa pamoja. Kwa pamoja! Miwani akasema huo ndio uzuri wenyewe, hakuna mwale unaomzidi mwenzake. Nilitabasamu. Roho iliniuma.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata dawa. Kila mwale una kikanza chake, kidude cha moto kinachozitoa elektroni. Kesho wanakuja wageni wa hospitali. Nikiongeza moto wa kikanza cha nne, kidogo tu, mshale wangu utapanda juu ya mingine. Na nguvu ya ziada itamfaa shangazi. Kwa hiyo ni jambo la upendo.

Alhamisi, 6 Machi
Ulipanda. Dakika mbili za fahari! Kisha mwale wangu ukanenepa kuliko tundu unamopita, ukagonga ukuta wa shaba, ukautoboa. Maji ya kupozea yakaingia. Miale yote saba ikazimika. Wageni wakachukua mikoba yao, wakaondoka. Mrija mwingine utachukua miezi mitatu. Nilikiri kwa mkuu, akaniagiza niandike maelezo. Miwani hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Ijumaa, 7 Machi
Nilikwenda kwa shangazi. Begi lake la hospitali lilikuwa mlangoni, limeshafungwa. Nikamweleza yote, nikalia kama mtoto. Akanishika mkono.
“Mwanangu, safari hii waache na wenzako waonekane.”
Nikamwahidi. Akalifungua begi, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja moja. Nilishindwa kutazama.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeyatafakari maneno ya shangazi. Kasema kweli: nilikosea kuubebesha mwale mmoja fahari yote. Maelezo yangu kwa mkuu nimeyaandika kwa unyenyekevu mkubwa. Mwishoni nimeomba, kwenye mrija mpya, nipewe miale miwili. Nimemtaja shangazi ili mkuu asinikatalie. Mmoja uwe ule wa tano. Mita yake iko usawa wa macho ya wageni.